Giza Halina Mola Wake

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Ijumaa iliyopita, baada ya darsa, kijana mmoja aliniuliza nini maana ya Umanikeo. Kamsikia mtu redioni akimlaumu mwenziwe kwa "fikra za Kimanikeo". Nilimjibu kwa mkato, na suali lenyewe nikaenda nalo nyumbani.

Neno limetokana na Mani, mtu wa Babeli aliyezaliwa mwaka 216 na kufia kifungoni Uajemi zama za mfalme Bahram wa Kwanza. Alihubiri kuwa tangu azali zipo asili mbili, Nuru na Giza, wala hakuna iliyoiumba mwenziwe. Zilipopigana, chembe za nuru zikanasa ndani ya miili na mimea, na ibada yote ikawa kazi ya kuzitoa. Wateule wao, yaani watawa wa dini hiyo, hawakuchuma hata tunda, wakichelea kuijeruhi nuru iliyomo. Wafuasi wa kawaida ndio waliowachumia na kuwapikia. Augustine, aliyekuja kuwa mwanachuoni mkubwa wa Kanisa, kabla ya Ukristo wake aliwafuata kiasi cha miaka tisa. Dini hiyo ilifika hadi China. Leo limebaki neno, huambiwa anayewagawa watu mafungu mawili, wema watupu na waovu watupu, na yeye siku zote yumo kwenye wema.

Sisi wa Pemba kuchambua tunakujua. Karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Lakini vyote vimetoka kikonyo kimoja, na makonyo hatuyatupi, yanakwenda Chake Chake kutolewa mafuta. Mani alitaka kuuchambua ulimwengu mzima, na fungu moja alipe mola wake.

Suratul An'am inaanza kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu aliyeumba mbingu na ardhi na akafanya giza na mwanga. Giza nalo limefanywa. Halina ufalme wake, basi wapi watatoka watu wake? Sisemi dhuluma isikemewe. Dhuluma ni dhuluma, na anayeinyamazia ana lake la kujibu. Nasema juu ya kumwita mja wa Mungu giza.

Naandika haya kwa sababu nimeyatenda. Mnaoukumbuka uchaguzi wa 1995 mnajua tulivyokuwa: duka la fulani halinunuliwi, salamu haiitikiwi, maziko hayaendwi. Jirani yetu alikuwa chama chengine. Jeneza la mamake lilipita mbele ya baraza yetu, nami nikakaa. Nilizitazama kandambili zangu mpaka sauti za "La ilaha illa Llah" zikapotelea mikarafuuni. Na mtu huyo ndiye aliyempakia mama yangu kwenye gari lake la ng'ombe usiku wa manane, uchungu umemshika, akamfikisha hospitali. Mdogo wangu akazaliwa salama.

Siasa zilikuja kutulia. Kura ya maoni ya 2010 ikaleta serikali ya pamoja, watu wakaanza kuzikana tena. Mimi sikwenda kwake. Tulisalimiana njiani tu, miaka yote hiyo.

Jumatatu nilikwenda. Nilimkuta uani, kakaa jamvini anachambua, vidole vimekuwa vyeusi. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya lile jeneza la mamake, anisamehe. Alikaa kimya kitambo. Kisha akalisogeza pakacha, akanipisha nafasi. Tukachambua mpaka adhana ya magharibi, na nilipoinuka akaniuliza:

"Bi mkubwa hajambo?"