Sahani ya jirani

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Pangani, kumi la mwisho la Ramadhani. Mama alinituma kurudisha sahani ya jirani. Sahani ya watu hairudi tupu, kwa hiyo alikuwa ameijaza tambi za sukari, akaifunika kawa na kuniambia nitazame njia. Nilitazama njia vizuri sana. Nilichosahau kutazama ni kizingiti cha mlango wa jirani.

Ilikuwa sahani ya kauri, yenye maua ya buluu pembezoni, moja kati ya sita alizotunzwa siku ya harusi yake. Nilikimbia, nikajificha pwani nyuma ya mashua zilizopandishwa mchangani, na adhana ya magharibi ilinikuta huko huko. Nilifuturu kwa maji ya baharia nisiyemjua. Mama alikuwa akisuka mikeka ya ukili, na sahani ile aliilipa kwa mkeka. Jirani aliupokea bila neno. Lakini kuanzia siku ile futari yake ilitufikia ndani ya bakuli la plastiki.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa historia hapa Tanga, nilikuwa naandaa somo la Kilwa. Sote tunaofundisha somo hilo tunamwita shahidi mmoja, Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331. Tunachukua ukurasa wake mmoja, tunamshukuru, tunamwacha aende zake. Mwaka huo likizo ilikuwa ndefu, nikaamua kumsoma tangu anatoka kwao Tanja. Ndipo nilipokutana na mtoto wa Damascus.

Ibn Battuta aliingia Damascus mwezi wa Ramadhani mwaka 726 wa Hijria, yaani Agosti 1326. Alikuwa kijana wa miaka 22. Siku moja akipita kwenye vichochoro vya mji alimwona mtumwa mdogo ambaye ameangusha sahani ya kauri kutoka China, imevunjika vipande vipande. Watu wa kule, anasema, wanaiita sahn. Nilisita hapo kidogo. Ni neno letu hili hili, tulilopewa na Waarabu tukalitia irabu. Watu wakamzunguka mtoto. Mmoja akamwambia: okota vipande vyako, umpelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya vyombo. Mtu huyo akamwokotea, akaenda naye, wakamwonyesha msimamizi vile vipande, na mtoto akapewa fedha ya kununua sahani kama ile.

Nilirudia kuisoma mara tatu. Kulikuwa na wakfu wa sahani zilizovunjika! Ibn Battuta mwenyewe anaeleza faida yake: bwana wa mtoto asingekosa kumpiga, au angalau kumkaripia, na moyo wa mtoto ungevunjika pamoja na sahani. Kwake yeye wakfu ule unaunga mioyo.

Anataja na mingine, na anasema ya Damascus haihesabiki kwa wingi. Kulikuwa na wakfu wa kumlipa mtu ahiji badala ya asiyeweza, na wa kukomboa mateka. Wasafiri walikuwa na wao wa kula, kuvaa na kurudi makwao. Upo uliotengeneza njia, kwa kuwa vichochoro vya Damascus vilikuwa na ukingo huku na huku wa waendao kwa miguu, na katikati wakapita wenye wanyama. Na upo uliowaandalia harusi wasichana ambao jamaa zao hawana uwezo. Huo nao niliusoma mara mbili. Waliouweka walijua kwamba msichana hafi kwa kukosa vyombo vya harusi, ila anatazamwa.

Utaratibu wenyewe unajulikana hata kwetu. Mtu ana duka, hamamu au shamba. Analiweka wakfu: haliuzwi tena, halirithiwi, halitolewi zawadi. Kinachotumika ni kodi au mazao yake, kwa kazi aliyoiandika katika hati mbele ya mashahidi, na kadhi anamwangalia msimamizi. Wanazuoni wanaurudisha mwanzo wake kwa ardhi ya Sayyidna Umar kule Khaybar, ambayo Mtume (s.a.w.) alimshauri azuie shina na atoe matunda. Kwa hiyo aliyempa yule mtoto fedha ya sahani huenda alikuwa marehemu wa miaka mingi, na mtoto hakuwa na mtu wa kumpigia magoti.

Kairo walikwenda mbali zaidi. Sultani Qalawun, kabla hajatawala, aliugua akiwa Damascus akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nur al-Din. Akaweka nadhiri, na mwaka 1284 na 1285 akajenga yake Kairo, kwenye mtaa wa Bayn al-Qasrayn, akaiwekea mali ya wakfu. Iliandikwa ni ya wote, tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mungwana na mtumwa. Wenye homa walikuwa na sehemu yao, wenye macho yao, wa kukatwa na kufungwa mifupa yao. Hati inataja vipepeo vya makuti vya kuwapepea wagonjwa wakati wa joto. Inataja kwamba chakula cha kila mgonjwa kiwe katika chombo chake, kimefunikwa, asishirikiane na mwingine. Sisi tunasema funika kombe mwanaharamu apite. Kule walifunika ili mgonjwa ale chake bila kupimwa na macho ya wa kitanda cha pili. Na akifa, kuoshwa, sanda na kaburi vyote vimo katika hati.

Sitaki mdhani nimepofuka kwa mapenzi. Jengo lile lilisimama kwa haraka ya ajabu, na al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo, anasimulia jinsi wapita njia walivyolazimishwa kubeba mawe, na jinsi nyumba ya binti wa ukoo wa Kiayubi, waliotawala kabla yao, ilivyochukuliwa kiwanja. Wapo waliochukia kuswali pale kwa sababu hiyo. Tena maamiri wa Kimamluki, wakubwa wa dola ya Qalawun, walikuwa na sababu zao za kupenda wakfu: mtu aliweza kuvuliwa cheo na mali yake ikatwaliwa, lakini iliyowekwa wakfu ilikuwa ngumu kuigusa, na wanawe wangeweza kuandikwa wasimamizi wenye posho. Sadaka na hesabu zilikaa chungu kimoja. Na mtoto wa Damascus alipopewa fedha yake ya sahani alirudi nayo kwa bwana wake, mtumwa vile vile.

Hilo ndilo lililonirudisha Kilwa, kwenye ukurasa niliokuwa nimeufundisha miaka yote. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ijumaa moja anatoka kuswali, fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Nitakupa, akasema sultani. Sasa hivi, akasema fakiri. Ndiyo, sasa hivi. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akamwita fakiri achukue zake. Fakiri akazifunga kwenye kitambaa, akajitwika, akaondoka. Watu wakamsifu sultani wao kwa unyenyekevu. Mwanawe akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani alipopata habari ya sifa za watu, naye akaongeza vichwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Wanafunzi wangu hupenda sehemu ya nguo. Siku hizi nawauliza kuhusu wale ishirini. Hakuna aliyeandika majina yao, na Ibn Battuta anaeleza wazi kwamba sultani yule alikuwa akivamia nchi za jirani na kuteka. Ukarimu ule ulikuwa na watu ndani yake, wamefungwa kama zile nguo.

Akafa al-Hasan, akatawala nduguye Daudi. Masikini wakija, Daudi akawaambia: aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha nyuma kitu cha kutoa. Darasa hucheka hapo, na mimi hucheka nao, maana kila ukoo una Daudi wake. Lakini tazama: Damascus mwenye kutoa akifa, duka lake linaendelea kuleta kodi. Kwa baba wa vipawa kila kitu kilitoka mkononi, barabarani, watu wakitazama. Mkono ulipopoa, basi.

Mimi ni katibu wa kamati ya akina mama msikitini kwetu. Kila Ramadhani tunagawa unga, mchele, sukari na tende. Kuna mfadhili mmoja ambaye masharti yake ni picha: mama ashike kiroba, atazame kamera. Mwaka juzi mjane mmoja aliweka kiroba chini, akasema anakwenda kujifunga ushungi vizuri, hakurudi. Nilikipeleka kwake baada ya tarawehe. Alikipokea mlango ukiwa nusu, na hatukusemezana.

Kwenye kikao kilichofuata niliwasomea wenzangu habari ya mtoto wa Damascus. Nikapendekeza mambo mawili: tupeleke mizigo majumbani usiku, bila picha, na tutenge kifungu kidogo cha vyombo vilivyovunjika. La kwanza lilipita, kwa mabishano, na mfadhili tukampoteza. La pili lilichekwa. Mhazini, mwanamke makini sana na simlaumu, aliuliza tutajuaje kama sahani imevunjwa makusudi. Mwingine akataka kujua kama glasi zimo. Daftari likafungwa.

Nikaenda sokoni mwenyewe, nikanunua sahani sita za maua ya buluu. Kila anayeniletea futari namrudishia kwa hizo, na anayekuja kuazima anaazima hizo hizo. Hadi leo zimerudi nne.