Joto kwenye ukuta wa zege: nilivyolikokotoa kwa Excel

Ukuta una unene wa sentimita 15 na wote uko nyuzi 25. Uso mmoja unapanda ghafla hadi nyuzi 60 na kubaki hapo; uso wa pili unapigwa na hewa ya nyuzi 25. Niliweka nodi 16 (pointi ambazo joto T linakokotolewa), sentimita 1 kutoka moja hadi nyingine. Kila mstari wa Excel ni hatua moja ya muda, na fomula ya nodi za ndani ni hii:

Tmpya = T + r × (Tkushoto − 2T + Tkulia)

Thamani zote za upande wa kulia zinatoka mstari wa juu yake. r ni α·Δt/Δx²: Δt ni hatua ya muda, Δx ni umbali kati ya nodi, na α ni kasi ya joto kusambaa ndani ya kitu; kwa zege nilichukua α = 6.9 × 10⁻⁷ m²/s.

Kwa hatua ya sekunde 120, r ni 0.83. Tazama nodi ya kwanza ndani ya uso wa moto: 54.1, halafu 34.9, halafu 67.5. Inapoa huku inapashwa, kisha inaupita moto wenyewe! Kosa haliko kwenye Excel. T ya nodi yenyewe inazidishwa na (1 − 2r), na r ikizidi 0.5 hiyo inakuwa hasi: nodi ikiwa moto sasa, hesabu inaiadhibu hatua inayofuata. Kikomo ni sekunde 72.

Lakini uso wa hewa unabana zaidi, na hapa ndipo wengi hunaswa. Nodi yake ina nusu tu ya ujazo:

Tmpya = T + 2r × [Tjirani − T + B × (Thewa − T)]

B = hΔx/k = 20 × 0.01/1.4 = 0.143, ambapo h ni uwezo wa hewa kubeba joto kutoka usoni (W/m²K) na k ni upitishaji joto wa zege (W/mK). Sharti linakuwa r(1 + B) ≤ 0.5, yaani sekunde 63. Nilitumia 60.

Kabla ya kuliamini jedwali, angalia kina cha sentimita 5 baada ya saa moja. Joto bado halijaufikia vya kutosha uso wa pili, kwa hiyo jibu la ukuta usio na mwisho, 25 + 35 × ERFC(0.05/(2√(αt))), linafaa (ERFC ni fomula iliyomo ndani ya Excel, t ni muda kwa sekunde), nalo linatoa karibu 41.7. Jedwali likiachana nalo kwa zaidi ya nusu nyuzi, tafuta seli inayosoma mstari wake wenyewe.

Ukipunguza Δx hadi nusu sentimita, kikomo cha nodi za ndani kinashuka hadi sekunde 18, na kazi inakuwa mara nane. Hapo mimi huhamia Crank–Nicolson, njia inayotumia wastani wa mstari wa zamani na mpya, ila hatua nne za mwanzo nazifanya fupi na fiche kabisa (upande wa kulia unatumia thamani za mstari mpya tu), maana ule mruko wa ghafla huiachia mawimbi ya uongo karibu na uso.