FBP ya mtoto isisomwe kama ya baba yake

Nafanya kazi maabara, na kina mama wengi wananijua kwa hilo, kwa hiyo picha za karatasi za majibu ya FBP, kile kipimo cha damu kinachohesabu seli zake, zinaingia kwenye simu yangu kila mara, nyingine saa tano usiku, chini yake kimeandikwa "dada nisaidie kusoma, mbona H ni nyingi hivi, mwanangu ana nini". Leo nimeamua niandike kwa kirefu maana hili jambo linawanyima watu usingizi bila sababu, na upande wa pili linaficha ugonjwa wa kweli, na huo upande wa pili ndo unaoniumiza zaidi.

Iangalie hiyo karatasi vizuri. Kuna jina la kipimo, kuna jibu la mtoto, halafu pembeni kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 4.0-10.0. Hizo mbili ndo kiwango cha kawaida. Mashine haimjui mtoto wako, haijui kama anacheza au amelala hoi, yenyewe inalinganisha namba tu, ikizidi inaweka H, ikipungua inaweka L. Na hizo namba mbili zilipatikana kwa kupima watu wenye afya njema, kwa utaratibu mzuri wasiopungua 120 kwa kila kundi, halafu wakakata 2.5% ya juu na 2.5% ya chini, ikabaki 95% ya katikati. Kwa hiyo kwenye kila watu 20 wasioumwa chochote kuna mmoja ataangukia nje ya mstari, na FBP ina mistari ishirini na zaidi, sasa hapo kukuta herufi moja au mbili kwa mtoto asiye na shida yoyote ni kitu cha kawaida kabisa.

Lakini shida kubwa zaidi ni hilo neno "kundi". Sehemu nyingi mashine imewekwa kwenye kundi la watu wazima na inabaki hapo hapo, anaingia babu wa miaka 70 anaingia mtoto wa miezi 14, wote wanapewa namba zile zile pembeni.

Chukua seli nyeupe. Mtu mzima ni kama 4 mpaka 11 hivi, mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuwa 6 mpaka 17 na akawa mzima wa afya, na kichanga aliyezaliwa leo anaweza kufika hata 30. Halafu kuna zile asilimia za nyutrofili na limfosaiti, ambazo ni aina mbili za hizo seli nyeupe, hapa ndo kina mama wengi wanapopata presha. Kwa mtu mzima nyutrofili ndo nyingi. Mtoto akizaliwa naye nyutrofili ndo nyingi, ila ndani ya wiki ya kwanza hivi zinapishana, limfosaiti zinapanda juu na zinakaa huko mpaka mtoto anafika kama miaka minne au mitano ndo zinapishana tena. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili mwenye limfosaiti 58% yuko sawa kabisa, kinga yake ndo iko shuleni inajifunza kila mdudu mpya anayekutana naye, ila karatasi yenye kiwango cha mtu mzima, 20 mpaka 40, itamwekea H kwenye limfosaiti na L kwenye nyutrofili. Mama anaingia gugo, anaandika limfosaiti kuwa juu, anakutana na saratani ya damu. Nimeshaona mama analia kwa karatasi ya namna hiyo na mtoto yuko pembeni anakula biskuti. Na nimeshaona mtoto anachomwa sindano za antibayotiki kwa sababu tu ya hiyo H, mtu kamwambia mama "ana maambukizi kwenye damu", homa hana, chakula anakula, jamani hapana.

Na mtoto akilia sana wakati wa kutolewa damu, kile kilio chenyewe tu kinaweza kupandisha seli nyeupe kidogo, na mtoto gani halii pale.

Nyutrofili kuna na jambo letu sisi waafrika. Wengi wetu tumerithi aina fulani ya damu inayoitwa Duffy hasi, ile ile inayotukinga na malaria ya vivax, na watu wa aina hii nyutrofili zao kwenye damu huwa chini kidogo na hawaumwi mara kwa mara kwa sababu ya hilo. Viwango vingi vilivyomo kwenye mashine vilitengenezwa nje ya Afrika, kwa hiyo hiyo L ndogo kwa mtoto mchangamfu isikutoe roho, dokta anaweza akarudia kipimo baada ya muda akaona iko vilevile basi.

Sasa tuje kwenye wingi wa damu, HB. Kichanga anazaliwa na HB ya juu, 14 mpaka 20 na kitu, kwa sababu tumboni oksijeni ni kidogo kwa hiyo mwili unatengeneza seli nyekundu nyingi. Akishatoka akaanza kuvuta hewa, mwili unaona oksijeni ipo ya kutosha, unapunguza kutengeneza, zile za zamani zinakufa, na mtoto mwenyewe ananenepa haraka, basi akifika miezi miwili mpaka mitatu HB inaweza kushuka mpaka 10 au hata 9 na kitu na hapo hajaugua chochote, baadaye inapanda yenyewe. Aliyezaliwa njiti inashuka zaidi ya hapo, huyo afuatiliwe kliniki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 lilibadilisha mipaka, sasa mtoto wa miezi 6 mpaka 23 anahesabiwa amepungukiwa damu akiwa chini ya 10.5, na wa miaka miwili mpaka kabla ya kutimiza mitano ni chini ya 11. Chini ya 7 ni upungufu mkali kwa wote hao. Na wanaoishi juu milimani kama Njombe au Mbeya mpaka unasogezwa juu kidogo maana huko hewa ni nyepesi.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Sisemi HB ya 9 ya mtoto wa mwaka na nusu ni kawaida eti kwa sababu watoto wengi mtaani wako hivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta 58% ya watoto wa miezi 6 mpaka 59 Tanzania wana upungufu wa damu. Kitu kuwa kwa wengi hakijawa afya. Huyo atafutwe malaria, minyoo, selimundu, aangaliwe anakula nini, na ile chai ya rangi anayopewa na chakula iachwe kwa sababu inazuia madini chuma kuingia mwilini.

Halafu kuna hili la kuficha nililosema mwanzo. Kreatinini, kipimo cha figo. Inatokana na misuli, na mtoto misuli yake ni midogo, kwa hiyo wa miaka miwili anakuwa na kama 20 mpaka 35 hivi, wakati mtu mzima ni 60 mpaka 110. Mtoto huyo akija na 90, karatasi ya watu wazima haiweki H wala L, inatoka safi, mama anaambiwa figo ziko vizuri arudi nyumbani. Na hiyo 90 ni karibu mara tatu ya inavyotakiwa, figo zake zina shida kubwa. Ndo maana nasema H za uongo zinasumbua lakini hizi safi za uongo zinaua. ALP, kipimo cha kitu kinachotoka kwenye ini na kwenye mifupa, yenyewe ni kinyume, mtoto anakua mifupa kwa hiyo 300 yake ni ya kawaida, ila karatasi itapiga H watu waanze kusema ini.

Kwa hiyo ukienda kupima, pale mapokezi taja tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, usikubali waandike "mtoto" tu au waache wazi. Ukipewa majibu uliza, "hivi viwango vya pembeni ni vya umri wake?" Hilo swali si kumkosea mtu heshima. Na sisi wa maabara tukumbuke mashine nyingi zina sehemu ya kuchagua mtoto au kichanga, ni kubonyeza tu kabla sampuli haijaingia, tafadhali tubonyeze.

Na kama kiganja cha mtoto kimekuwa cheupe, anapumua kwa shida, hanyonyi, amelegea au amepata degedege, hapo usinitumie picha usiku mama yangu, mbebe uende hospitali saa hiyo hiyo hata kama karatasi yote haina herufi hata moja.