Mdogo wangu ametolewa kwa mkopo

Jana usiku mdogo wangu alinipigia simu huku anafunga begi. Klabu yake imemtoa kwa mkopo mpaka mwisho wa msimu, aende akacheze ligi ya chini huko mkoani. Ana miaka 18. "Kaka, hawanitaki," akasema, halafu kimya. Nikawa nasikia feni ya chumbani kwake inavyolia. Nikamwambia alale, tutaonana asubuhi. Sikuwa na jibu.

Usingizi ukagoma. Mimi ni shabiki wa Tottenham, mtaani kwetu hatufiki watano, na mtu aliyenijia kichwani ni Harry Kane, mshambuliaji wetu wa zamani. Si yule aliyeondoka na mabao 280, rekodi ya klabu. Nilimuwaza wa kabla ya hapo, ambaye hakuna aliyenunua jezi yenye jina lake.

Arsenal walimwacha akiwa bado mtoto. Januari 2011, akiwa na miaka 17, Tottenham wakampeleka kwa mkopo Leyton Orient, daraja la tatu Uingereza: mabao matano katika mechi 18 za ligi. Agosti mwaka huohuo akapewa mechi yake ya kwanza Tottenham, Kombe la Europa dhidi ya Hearts ya Scotland. Akachezewa rafu ndani ya boksi, akapiga penalti mwenyewe, kipa akaiokoa.

Halafu Januari 2012 mkopo tena, Millwall, na hapa ndipo huwa natulia. Millwall walikuwa daraja la pili, wanapambana wasishuke, na mashabiki wao hawana subira na mtu anayetembea uwanjani. Kijana wa miaka 18 akawafungia mabao saba ya ligi, timu ikabaki, wakampa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa klabu. Naamini kabisa pale ndipo alipotengenezwa. Timu ya vijana ukifungwa, unaoga unakwenda nyumbani. Pale unavaa viatu pembeni ya baba wa watoto, na timu ikishuka huenda mkataba wake ukaishia hapo. Hukimbii tena kwa ajili ya jina lako tu.

Mkopo uliofuata, Norwich, alivunjika mfupa wa mguu, akacheza kidogo mno. Mwingine, Leicester, mapema 2013, akaishia kuwa mtu wa benchi. Tarehe 12 Mei 2013, nusu fainali ya mchujo wa kupanda daraja kule Watford, Leicester walianza na Kane benchi, na mshambuliaji mwenzake Jamie Vardy naye benchi. Wakatolewa dakika za nyongeza: penalti yao ikaokolewa, mpira ukakimbizwa upande wa pili, Troy Deeney wa Watford akafunga. Miaka mitatu baadaye Kane alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu na mabao 25, Vardy ana 24 na ubingwa wa Leicester juu. Siku ile nani angejua?

Saa nane usiku nikaangalia tena bao la Kane la Novemba 2014, amerudi Tottenham, dhidi ya Aston Villa. Dakika ya 90, matokeo 1-1, faulo nje ya boksi, na Kane ameingia kutoka benchi. Anapiga, mpira unamgusa beki, kipa keshahamia upande mwingine. Wengine wanaliita bao la bahati. Mimi nilihesabu: kutoka siku aliyotua Orient ni karibu miaka minne.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Nilipanga kumsimulia haya yote, na nilipomwona macho yamevimba nikashindwa pa kuanzia. Nikambebea begi tu. Basi lilipowashwa akaniuliza, "Kaka, huko uwanja wao una nyasi au ni vumbi?" Nikamwambia sijui. Akafungua zipu, akanionyesha: kabeba njumu za aina zote mbili.