Si useme bamvua tu?

Leo jioni nilikuwa Mama Ngina, ufukweni Mombasa, narekodi video ya sayansi kwa wanafunzi wangu.

Mara ya tatu naeleza jinsi nguvu ya uvutano inavyofanya bahari kujaa na kupwa, maneno makavu kabisa.

Mzee mmoja mvuvi akasimama kusikiliza. “Mwanangu, si useme bamvua tu?”

Nikafuta yote.

Nikaanza upya, na bamvua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, maji yakajaa sana na kupwa sana. Na kila siku maji huchelewa kujaa kwa dakika 50 hivi.

Nimeituma kwa darasa. Binti mmoja akajibu kwa sauti: “Mwalimu, kumbe babu yangu anajua fizikia!”

Nimeisikiliza mara nne.

Video ijayo ni maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Wazee wenu huyaelezaje? Niandikieni.