Vidole vinne vya pindo

Bukavu, Kongo, Jumapili, 21 Februari 2021, usiku

Nimefumua pindo la sketi ya shule ya binti yangu. Sisi tunaoshona yunifomu tuna desturi yetu: mtoto anayekua unamwachia pindo la vidole vinne, ili mzazi asilazimike kununua kitambaa kila mwaka. Sketi hii niliishona Septemba 2019, na kwa hesabu yangu ingemfikisha mwaka wa sita wa msingi. Leo nimelishusha pindo lote, nikampimisha, na magoti bado yako nje. Amecheka. Mimi nimekaa na sindano mkononi kama mtu aliyedaiwa deni alilosahau.

Kesho shule zinafunguliwa. Nalisema kwa sauti ndogo, maana Oktoba tulilisema kwa vifijo. Zilifungwa tarehe 19 Machi mwaka jana kwa sababu ya korona, zikafunguliwa 12 Oktoba, zikafungwa tena 18 Desemba kabla hata Noeli haijafika. Ukijumlisha, mwaka karibu mzima, na ndani yake watoto wangu wamekaa darasani miezi miwili na siku chache. Kipindi kilichobaki tulikuwa mlimani kwa mama mkwe, juu ya kijiji cha Miti, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unauona mlima Kahuzi umejifunika shuka la ukungu hadi kifuani.

Hatukwenda kufundisha mtu. Tulikwenda kwa wiki mbili. Mpaka na Rwanda ulikuwa umefungwa, na wateja wangu wengi ni akina mama waliokuwa wakivuka mto Ruzizi na vikapu vyao. Asiyevuka haagizi gauni. Baba watoto akasema, afadhali tukale maharage ya nyumbani kuliko kununua ya soko la Kadutu kwa bei ya Kadutu. Yeye akabaki mjini na kazi yake. Mimi nikapanda na watoto wawili, cherehani ya mkono nimeifunga nyuma ya pikipiki, na kaye nne, yaani daftari.

Siku za kwanza nilifanya shule kama ninavyoijua. Saa moja na nusu napiga sufuria kwa kijiko, watoto wawili wanapanga mstari (mstari wa watu wawili!), wanaimba wimbo wa taifa, wanaingia jikoni kwenye masomo. Mama mkwe alitazama siku tatu bila neno. Siku ya nne akauliza, kwa upole wake ule unaouma, «Mama watoto, hawa wakishamaliza kuimba, mbuzi anawachunga nani?»

Ratiba ikahamia saa nane, baada ya mbuzi.

Radio nayo ilikuwa na vita vyake. Radio Okapi ilikuwa inatoa masomo kwa wanafunzi walio nyumbani, na mimi niliyapenda kwa sababu yananipumzisha. Lakini radio ni ya mama mkwe, betri ni za mama mkwe, na rozari ya Radio Maria haingoji mtu. Tulipatana: somo moja, kisha rozari, kisha radio inazimwa ili betri zipoe. Mtoto wangu wa mwisho, ana miaka sita, sasa anaweza kusali rozari yote na kutaja aina za pembetatu kwa Kifaransa, na sina hakika kama anajua zipi ni fumbo za rozari na zipi ni za jometria.

Ubao tuliutengeneza kwa mlango wa zamani wa banda la kuku. Mkaa uliosagwa, maji ya majani ya viazi vitamu, unapaka, unaanika, unapaka tena. Chaki ilikuwa vipande vya muhogo mkavu. Vinaandika vizuri kuliko chaki ya dukani, ila vina kasoro moja: darasa linaila chaki. Nilikuwa naanza zoezi la kuzidisha na vipande kumi, namaliza na vitatu.

Nadhani ni muhogo uliowaleta wengine. Wiki ya tatu walikuwa watano, mwezi wa Juni walikuwa kumi na mmoja, wamekaa juu ya magogo ya mkaratusi, wengine na wadogo zao mgongoni. Sikuwaalika, sikuwafukuza. Wazazi wao hawakusema neno la malipo, ila asubuhi nilikuwa nakuta mlangoni fungu la kuni, au mboga za lenga-lenga, au chupa ya maziwa iliyozibwa kwa jani la mgomba. Mama mkwe alikuwa anavipokea kwa heshima zote, kisha ananiambia nani ameleta na nani bado.

Hapo ndipo mwanangu mdogo alipochanganyikiwa. Sisi mjini bibi tunamwita koko. Kumbe kwa Mashi, lugha ya huku mlimani, «koko» ni asante. Akawa anaona wakubwa kwa wadogo wanakuja kwa mama mkwe, wanapokea chumvi au moto wa mkaa, wanasema «koko, koko», naye akanijia amekunja uso: hawa wote ni wajukuu wake? Mbona hatulali nao?

Mimi si mwalimu. Nina diploma ya Serikali katika kukata na kushona, na hesabu zangu zote ziko kwenye utepe wa kupimia. Basi nilifundisha kwa utepe. Robo, nusu, theluthi mbili: hayo nayajua kwa sababu nikikosea nalipa kitambaa cha mtu. Dola nayo ilitusaidia. Tulipopanda ilikuwa karibu franka 1,700, kabla ya Noeli ilikuwa inakaribia 2,000, na watoto walikokotoa wenyewe kwa nini bunda lilelile la nyuzi lilizidi kupanda bei kila baba yao anapolituma. Ila Kifaransa kilinishinda. Naongea, naandika barua, lakini mtoto akiniuliza kwa nini neno hili linaongezwa herufi e na lile haliongezwi, nilikuwa namwambia aende akaangalie mbuzi.

Nikagundua kitu ambacho hakikunifurahisha. Binti yangu, ambaye ripoti za shule zilisema ni dhaifu katika hesabu, hakuwa dhaifu katika hesabu. Nilimsomea tatizo kutoka kitabu chake, kwa Kifaransa, akakaa kimya. Nikamweleza lilelile kwa Kiswahili, magunia badala ya vile vitu vya kitabuni, akajibu kabla sijamaliza. Nimelipa masomo ya ziada ya hesabu miaka miwili, kwa mtu ambaye sitamtaja, na kumbe nilikuwa nalipia hesabu zilizokuwepo.

Siku moja nikaandika ubaoni namba mbili: ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308. Toka ziwani hadi kileleni ni mita ngapi? 1,848, wakapata. Binti wa jirani, yule wa miaka kumi na mitatu, hakuinua mkono. Aliuchukua utepe wangu, akautazama ncha zote mbili, akachora chora chini kwa kijiti. «Mama mwalimu, utepe huu ni sentimita 150. Zinatakiwa tepe 1,232.» Sikumuuliza hivyo. Ilibidi nikahakikishe usiku, na taa.

Huyu aliacha shule mwaka wa tano, 2018, wakati wazazi bado wanalipa. Septemba 2019 msingi ukawa bure, lakini yeye tayari alikuwa amewazidi wenzake kwa kimo, akaona haya kurudi kukaa na watoto wanaomfika kiunoni. Baba yake naye hakumsukuma. Kwenye magogo yangu hakuna aliyejali umri, kwa hiyo alikaa.

Tulikuwa na mgeni mmoja tu wa kufundisha, mzee wa kabila la Watwa anayeishi bonde la pili. Nilitaka awaambie watoto kuhusu miti ya dawa. Alikuja, akaomba tumbaku kwanza, akapewa. Akataja miti mingi, kwa majina ambayo hata mama mkwe hakuyajua. Mtoto mmoja akamwomba siku nyingine alete majani yake tuyaone. Mzee akaonyesha mlima kwa kiko. Msitu ule ulikuwa kwao. Mwaka 1970 ukawa hifadhi, na wao wakatolewa katika miaka ile. «Jani liko mle,» akasema, «na mimi niko huku. Nikilileta nakamatwa.» Nilikuwa nimeandaa maswali mawili ya kuuliza darasa baadaye. Sikuyauliza.

Mama mkwe alifundisha bila kujua, Jumamosi, mume wangu akija na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Akiwachambua alikuwa anasema kwamba utotoni mwake hawakuwepo. Watoto walidhani anatania. Lakini ni kweli, wale samaki waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ziwa hili tunaloliimba na sambaza wake kama vile Mungu aliviumba siku moja! Binti yangu aliuliza, basi kabla ya hapo bugali mlikula na nini? Jibu lilichukua saa nzima na lilikuwa na uyoga, senene, na shangazi mmoja mchoyo.

Oktoba tukashuka. Sitaieleza sana ile miezi miwili. Darasa la mwanangu lilikuwa na watoto sabini na kitu, wanne kwenye benchi la watu wawili, kila mmoja na kashene, yaani barakoa, iliyoshuka kidevuni. Niliwashonea wengi wao. Imla ya kwanza mkubwa alipata mbili juu ya kumi, na nikaitwa kuelezwa kwamba mtoto «amekaa sana kijijini». Nilisema ndiyo. Sikuwa na la kuongeza pale, ingawa njiani kuelekea nyumbani nilikuwa na mengi.

Desemba tuliporudi mlimani nilitegemea kukuta ubao umerudishwa kwa kuku. Ulikuwa umepakwa mkaa upya. Binti wa jirani alikuwa anawakusanya wale wadogo jioni wakitoka shuleni, anawaeleza kwa Mashi na Kiswahili walichofundishwa asubuhi kwa Kifaransa. Alikuwa amegawa muhogo: kipande cha kuandika na kipande cha kula, ili wasiibe. Mimi sikuwa nimewaza hilo kwa miezi saba.

Sasa ni Februari, watu wanapanda maharage ya msimu wa pili. Leo asubuhi tukifunga mizigo binti wa jirani alipita na jembe begani. Nilimuuliza kuhusu kesho. Akasema, «Kesho tunamaliza shamba la juu.» Nikamwambia ubao ni wake. Akasema anajua. Watoto wangu walimuaga kwa kupunga mikono hadi pikipiki ilipokata kona, na mkubwa hakuongea mpaka Mudaka.

Na hapa nyumbani umeme haupo, nashona kwa mshumaa. Nimeamua kuongeza kipande chini ya sketi. Rangi zitapishana kidogo, hii imepauka na kile ni kipya, lakini kwa mbali haionekani. Nilipokuwa natafuta kitambaa nimeifungua kaye ya vipimo. Mwezi wa Agosti nilifundisha kupima mwili, kila mtoto alimpima mwenzake na mimi nikaandika. Binti wa jirani yupo ukurasa wa tatu: kiuno 62, nyonga 84, urefu hadi chini ya goti 58. Chini yake ameandika mwenyewe, kwa mwandiko ulionyooka kuliko wangu, «ongeza vidole vinne».

Kitambaa cha bluu kilichobaki baada ya kukata kipande cha binti yangu ni mita moja na robo. Nimekipima mara mbili.