Bunduki Iliyotoka Mwanza

Mwaka 2006 haukuwa mwaka wa kutamka neno bunduki karibu na uwanja wa ndege wa Mwanza. Ile filamu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, ambayo wengi wetu tuliisikia zaidi ya kuiona, ilikuwa imewajengea watu wa Ulaya picha kwamba ndege za mizigo zinazokuja kubeba minofu ya sangara hazitui tupu, zinashusha silaha. Rais Kikwete aliikemea kwenye hotuba yake ya mwisho wa Julai, na Agosti watu wakaandamana mjini kuipinga. Kwenye daladala, kwenye saluni, kule Mwaloni Kirumba kati ya mafungu ya dagaa, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mimi nilichukia zaidi namna walivyoyaonyesha mapanki, maana nimeyala sana na nikashiba.

Basi ni katika miezi hiyo hiyo mzee mmoja wa Nassa alipanda ngazi za ofisi yetu na kusema anataka kusafirisha bunduki kwenda Uingereza.

Nilikuwa karani wa wakala wa forodha. Ofisi ndogo: meza tatu, mashine ya faksi, kompyuta moja iliyokuwa ikizimika umeme ukiyumba kidogo. Tulishughulika na minofu, mabondo (vile vibofu vya hewa vya sangara), spea za injini za boti, na mara moja moja jeneza. Bunduki, hapana. Nilimpa mzee kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mayu. Mhola?"

"Mhola."

Kisukuma changu kilikuwa kinaishia hapo hapo, mimi ni Mhaya wa Kemondo, lakini mzee aliridhika. Akatoa mfuko wa rambo, ndani yake kitabu cha leseni, stakabadhi za ada za miaka yote zimefungwa kwa uzi, na barua ya Kiingereza kutoka Birmingham. Ilikuwa barua ya kiwanda kilichoitengeneza. Mwanawe aliyekuwa mwalimu alikuwa amewaandikia, na wao wakajibu kwamba namba ya bunduki wameiona kwenye vitabu vyao, walete.

Alishajaribu kuituma kama kifurushi. Aliambiwa bunduki si kifurushi.

Ilikuwa shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Baba yake aliinunua mjini Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, pamba ilipokuwa pamba, enzi za Victoria Federation, ule muungano wa vyama vya ushirika wa akina Paul Bomani ulioanza 1955. Baba alipofariki bunduki ilikaa polisi mpaka mwana alipopata leseni kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa leseni hairithiwi kama ng'ombe. Kazi yake ilikuwa shambani. Nassa wakati ule ilikuwa Magu, leo ni Busega, na ni nchi iliyobanwa kati ya Ghuba ya Speke na upande wa magharibi wa Serengeti. Kwa hiyo ngedere wanatoka huku, nguruwe pori kule, na usiku kiboko anapanda kutoka ziwani kuja kwenye mahindi.

"Kiboko unampiga?" nilimuuliza.

"Kiboko unamtisha. Ukimpiga, umewaita Maliasili nyumbani."

Ubovu wenyewe aliueleza kwa mikono. Bunduki ya aina ile inakunjwa katikati kwenye pini, unaweka risasi, unaifunga, na migongo ya mitutu inatakiwa ibane kabisa kwenye uso wa chuma unaobeba vigongeo. Yake ilikuwa imelegea. Ukiifunga na kuitikisa, inalia. Ukiinyanyua mbele ya dirisha, unaona mwanga kati ya mitutu na ule uso. Na ukifyatua, moshi unakurudia jichoni. Fundi mmoja wa kuchomelea alimwambia ailete aipige weldi. Mzee alinitazama alipofika hapo, kuona kama nami ninaelewa ujinga wa maneno yale. Nilielewa.

Barua ya Birmingham ilieleza sababu, na ndiyo sehemu niliyoisoma mara nyingi zaidi. Chemba za bunduki ile zilichongwa kwa risasi ya urefu wa inchi mbili na nusu, yaani milimita 65. Madukani zinazouzwa ni za milimita 70. Inaingia bila shida, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu urefu wa risasi ya shotigani unahesabiwa ganda likiwa limekwisha kufunguka. Kabla ya kufyatuliwa mdomo wake umekunjwa, ni fupi. Ikifyatuliwa, mdomo unakunjuka mbele na kuingia pale mtutu unapoanza kubana, njia inakuwa nyembamba, na msukumo unapanda. Haipasuki leo wala kesho. Inalegea polepole, mwaka hadi mwaka, huku mwenyewe akidhani ni uzee.

Bosi alisikia yote akiwa mlangoni. Mteja wetu mkubwa alikuwa kiwanda cha minofu, na usiku ule ule kulikuwa na Ilyushin inayopakiwa kwenda Ulaya. Nikasema, kwa akili ya karani anayependa njia fupi, kwamba ndege ya minofu ingeifikisha upesi.

"Binti," akasema, "mwaka huu? Bunduki ndani ya ndege ya sangara? Unataka tutolewe kwenye filamu ya pili?"

Ikaamuliwa ipite Dar es Salaam kwa ndege ya abiria, kwenye shehena, mchana kweupe, na polisi wakitazama.

Sitasimulia kila barua. Kulikuwa na barua ya mzee kwenda polisi wilaya, ya wilaya kwenda mkoa, ya mkoa kwenda Dar, na kibali cha kuitoa nchini kikarudi njia hiyo hiyo. Upande wa Uingereza nao walikuwa na yao: sheria yao ya silaha ya 1968 inataka anayepokea bunduki kikazi awe muuzaji aliyesajiliwa na polisi, kwa hiyo kiwanda kilituma nakala ya cheti chake, pamoja na kibali cha kuingiza mzigo kutoka Wizara ya Biashara na Viwanda ya kule. Nilizipanga kwenye faili moja, na faili lilipojaa bunduki yenyewe bado ilikuwa imekaa polisi, haijasogea hata hatua.

Siku ya ukaguzi tulikutana Kituo Kikuu. Mzee aliileta mezani ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi, akaifungua taratibu, akaikunja, akaonyesha chemba tupu kabla hajaambiwa. Kisha akaitenganisha: mitutu, kishikio cha mbele, kitako na mtambo wake. Namba ilikuwa imegongwa kwenye vipande vyote vitatu na zote zilifanana. Afisa aliyekuwa na kitabu alizisoma kwa tochi, moja moja, akizitamka kwa sauti kama anayeita majina shuleni. Akaigeuza mitutu tumbo juu, akainama zaidi.

"Hapa wameandika tani tatu. Mzigo huu una uzito wa tani tatu?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu alikuwa akiuliza kwa dhati na alikuwa amevaa sare. Mzee ndiye aliyejibu. Hiyo ni nguvu ya baruti, afande, si uzito. Na kweli, ndivyo walivyokuwa wakigonga bunduki zao Waingereza baada ya 1954: taji na herufi BNP chini yake, alama ya nyumba ya upimaji ya Birmingham, kisha urefu wa chemba, kisha tani ngapi kwa kila inchi ya mraba chuma kile kimethibitishwa kuhimili. Yote yalikuwa pale, madogo kuliko punje ya mtama. Urefu wa risasi inayofaa ulikuwa umeandikwa tumboni mwa bunduki tangu siku ilipotoka kiwandani. Afisa aliandika kwenye kitabu chake "tani 3 (nguvu)", na nadhani yapo mpaka leo.

Sanduku alilitengeneza seremala wa Mabatini, kwa mbao za mninga. Nilimsisitiza atumie skrubu, si misumari, maana forodha lazima wafungue, na sanduku lililofunguliwa kwa tindo halifungiki tena vizuri. Nje hatukuandika kilichomo, ila anwani na namba ya hati tu. Kwenye hati zenyewe tuliandika wazi: bunduki ya michezo, iliyotumika, inakwenda kutengenezwa na kurudi, na namba yake. Hiyo namba kwenye tamko la forodha ndiyo ulinzi wa mteja. Bila hiyo, mzigo ukirudi unaweza kuhesabiwa ni bunduki mpya inayoingia nchini, na hapo ushuru wake hauna huruma. Mzee alitaka kuweka risasi mbili ndani ya sanduku ili Wazungu waone aina anayotumia. Nikamkatalia. Bunduki tupu ni chuma na mbao, inapanda ndege kama mzigo mwingine. Risasi ni baruti, inahesabiwa mzigo wa hatari na ina masharti yake peke yake. Tukakubaliana apime ganda tupu kwa rula, nami nikaandika kipimo kwenye barua.

Uwanjani tulifika na Land Rover ya polisi. Vijana wa upakiaji walikuwa wamekaa kwenye mizani, upande wa pili masanduku ya minofu yakiwa yamerundikwa yakitoa ubaridi. Walimwona askari, wakaliona sanduku refu jembamba, mmoja akasimama.

"Oya! Kumbe wale jamaa wa filamu walisema kweli, ila wamekosea mwelekeo!"

Kicheko kilikuwa kikubwa mpaka yule askari akageuka kando kuficha meno. Mzee peke yake hakucheka. Aliuliza ni filamu gani. Nikamweleza kwa kifupi. Akafikiri kidogo, akasema kama kweli silaha zinashushwa pale, mbona yeye kutoa moja tu imemchukua tangu kupalilia mpaka kuvuna.

Barua iliyofuata kutoka Birmingham ndiyo iliyonisumbua kuandika majibu yake. Walikuwa wameifungua. Kukaza kunawezekana, wataweka pini mpya nene zaidi na kusugua mitutu ikae sawa usoni. Lakini wakishaikaza wataipeleka ipimwe upya, kwenye ile nyumba ya upimaji iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813. Kule bunduki inafyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kupita ile itakayotumia maisha yake yote. Ikivumilia inagongwa muhuri. Isipovumilia, hasara ni ya mwenye bunduki. Walitaka asaini kwamba amekubali.

Nilimsomea sentensi kwa sentensi. Alinyamaza, akaomba nirudie pale penye hasara.

"Yaani ninawalipa, halafu wanaipiga ili waone kama itapasuka?"

"Ndiyo mzee."

"Na gharama yote?"

Nikataja pauni, nikazigeuza shilingi. Yeye akazigeuza ng'ombe. Akafika wanne, akatoa nusu kwa ajili ya mafahali kushuka bei kiangazi, akarudisha. Nilitegemea aseme iachwe huko huko. Kwa bei ile angepata bunduki ya Kirusi ya mtutu mmoja na chenji ya kurudia Nassa. Nikamwambia hivyo, ingawa si kazi ya karani kumshauri mteja asilipe.

"Mayu," akasema, "ile ya Kirusi itapigwa na nani kabla sijaiweka shavuni? Hii wanaipiga wao kwanza. Lete kalamu."

Ilirudi mvua za masika zikiwa zimeanza, kwenye sanduku lile lile la mninga, skrubu zikiwa zimebadilishwa na za Kiingereza zinazong'aa. Tulikwenda kuifungua mbele ya polisi na bwana forodha. Afisa wa tochi alikuwapo, na safari hii alikwenda moja kwa moja tumboni mwa mitutu. Pembeni ya alama za zamani kulikuwa na mpya, taji na BNP tena, makali yake bado yanakwaruza kidole. Mzee aliifunga, akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Akainyanyua dirishani. Giza. Kisha akajaribu kuifungua, ikakataa, akaweka goti.

"Wameikaza mno!"

Kwenye sanduku kulikuwa na karatasi ikieleza kwamba itakuwa ngumu mwanzoni na italainika. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, kulikuwa na onyo: itumie risasi za milimita 65 tu. Nilimsomea. Alisaini vitabu vyote, akaiviringisha kwenye blanketi, na tukaagana kwa mikono miwili.

Kabla ya saa nane alikuwa amerudi ofisini. Alikuwa ametoka kwenye duka la silaha. Wana milimita 70 tupu, rafu nzima, na muuzaji alimwambia za 65 hajapata kuziona. Bosi aliinua kichwa kutoka kwenye hati za mabondo, akaniangalia, nami nikamwangalia mzee, ambaye alikuwa ameshavuta kile kiti chake.

"Risasi nazo zinatoka Birmingham?" akauliza.

"Zinaweza kutoka kwingine pia, mzee. Lakini risasi ni mzigo wa hatari. Hizo barua zote tunaanza upya, na nyingine juu yake."

Akaweka mfuko wa rambo mezani, akaanza kufungua ule uzi wa stakabadhi.

"Haya, anza na jina langu. Hilo halijabadilika."